Kujenga ubavuni mwa jirani: namna ya kusanifu msingi bila kuitikisa nyumba ya mwenzako

Ukisimama kwenye kiwanja ambacho nyumba yake imevunjwa Kariakoo, kabla sururu ya kwanza haijashuka, utazame ukuta wa jirani ulioachwa wazi. Bado una rangi ya chumba kilichokuwa kimeuegemea, pengine hata misumari ya picha. Ukuta huo haukusimama kwa nguvu ya kiwanja cha mwenyewe tu. Umesimama pia kwa kubanwa na udongo wa kiwanja chako.

Udongo ulio chini ya msingi wowote hubeba mzigo kwa kukandamizwa. Ukikandamizwa hutaka kutorokea pembeni, na kinachouzuia ni udongo mwingine wa kando. Ukiuondoa huo wa kando, ule wa chini unapata njia. Kwa hiyo udongo wa mpakani ni wako kwa hati, lakini una kazi unayomfanyia jirani tangu siku alipojenga. Anayesanifu msingi mpya akiwaza uzito wa jengo lake peke yake amefanya nusu ya kazi.

Mfano ninaowasimulia mafundi ni wa Shanghai. Tarehe 27 Juni 2009 jengo jipya la ghorofa 13 lilianguka likalala ubavu, karibu zima zima. Upande mmoja lilikuwa limechimbiwa eneo la maegesho lenye kina cha mita 4.6. Upande wa pili, kifusi cha chimbo hilo kilikuwa kimerundikwa hadi kimo cha karibu mita 10. Uzito wa kifusi uliusukuma udongo kuelekea shimoni, na paili zilizolibeba jengo, yaani nguzo ndefu zilizozamishwa ardhini, zikakatika. Mfanyakazi mmoja alifariki. Jengo lile halikuwa na msingi mfupi, lilikuwa na paili, na bado shimo na kifusi vililishinda.

Hapa kwetu, jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, watu zaidi ya 20 walipoteza maisha. Sababu za tukio lile si mada ya mwongozo huu. Nalitaja kwa kuwa jirani akiona unafungua shimo karibu na duka lake leo atakuwa na hofu, na hofu hiyo ni halali. Nenda kwake ukiwa na majibu.

Hatua ya 1: Anza kwa kubisha hodi

Kabla ya mpima udongo, kabla ya mchoro, nenda kwa majirani wa pande zote. Huu si ustaarabu tu, ni sehemu ya uchunguzi. Michoro ya nyumba za zamani mara nyingi haipo, na kumbukumbu iliyobaki ni ya wazee wa mtaa.

Maswali yangu matatu huwa yale yale. Nyumba ilijengwa lini, na ilipandishwa ghorofa baadaye? Kuna ufa wowote uliowahi kuzibwa? Na la tatu, ambalo vijana wengi hulisahau: choo cha zamani kilikuwa wapi? Nyumba nyingi za Dar es Salaam zilichimba shimo la choo uani, likajaa, likafukiwa, likachimbwa jingine. Bibi mmoja niliyemwamkia barazani kwake aliniambia, "Marahaba mwanangu. Hapo ulipoweka kiti chako palikuwa na shimo la watu wa kwanza, na pale kwenye mwembe la watu wa pili." Tulipochimba, yote mawili yalikuwepo, moja likiwa chini kabisa ya nguzo ya kona. Kipimo cha udongo kilichofanywa mita nne kutoka hapo hakikuwa kimeona kitu.

Siku hiyo hiyo omba ruhusa ya kupiga picha nyumba ya jirani, ndani na nje, chumba kwa chumba. Kila ufa uandikwe mahali ulipo, urefu wake, na upana wake kwa milimita. Andika pia milango inayokwama na sakafu iliyoinama. Karatasi hiyo isainiwe na wewe, jirani na mtu wa serikali ya mtaa, kila mmoja abaki na nakala. Bila rekodi hiyo, ufa wa mwaka 1985 utakuwa wako, na ufa utakaousababisha wewe hutaweza kuutambua mapema.

Hatua ya 2: Uone msingi wake kwa macho

Usikisie kina cha msingi wa jirani. Nyumba ya chini ya matofali inaweza kuwa na msingi wa sentimita 50 au 60 tu, na jengo la ghorofa nne la pembeni linaweza kuwa na vitako vya nguzo, yaani zege pana linalobeba nguzo chini ya ardhi, vilivyotokeza hadi ndani ya kiwanja chako. Yote mawili hutokea, wakati mwingine kwenye kiwanja kimoja.

Chimba mashimo ya kuchungulia, mawili au matatu kwa kila upande, kwa mkono. Shimo liwe jembamba, la kumtosha mtu mmoja, karibu sentimita 70 kwa 90, upande mfupi ukielekea ukuta wa jirani. Ukifika chini ya msingi wake, simama. Sentimita 10 zaidi zinatosha kuthibitisha kwamba umeona mwisho. Andika kina, upana uliotokeza, aina ya kitu (zege, mawe ya matumbawe, matofali), na kama kuna maji. Piga picha ukiwa umeweka tepu ya kupimia. Kisha fukia siku hiyo hiyo, kwa tabaka za sentimita 15, ukishindilia kila tabaka. Shimo la kuchungulia lililoachwa wazi usiku wa masika ni mwanzo wa lile lile unalojaribu kulizuia.

Hatua ya 3: Pima udongo, na upime kwa kina cha kutosha

Kwa jengo la ghorofa tatu au nne kwenye kiwanja cha mjini, vichimbwe visima viwili vya uchunguzi kwa uchache, kimoja karibu na kila mpaka uliojengwa. Kina kisikatishwe kwa sababu ya bei. Mzigo wa kitako cha mraba huhisiwa hadi kina cha takriban mara mbili ya upana wake. Mkanda mrefu wa msingi huhisiwa chini zaidi kuliko hapo. Msingi wa bamba zima wenye upana wa mita 10 unahitaji uijue ardhi hadi mita 15 hivi. Mhandisi anayekusanifia bamba kwa shimo la mita tatu anasanifu kwa kubahatisha.

Katika majibu ya maabara na ya kipimo cha kupiga nyundo, kile wanachokiita SPT, tafuta vitu vinne: uwezo wa udongo kubeba, kiasi cha kutitia, kina cha maji, na chumvi. Mijini pwani chumvi hula nondo. Zege linalogusana na ardhi lipe kinga, yaani unene wa zege linalofunika nondo, ya milimita 50 kama limemwagwa juu ya zege jembamba la kusawazisha, na milimita 75 kama limemwagwa moja kwa moja kwenye udongo. Mahali penye udongo mweusi wa mbuga unaovimba na kusinyaa, omba pia kipimo cha kuvimba. Kuchimba kwako kunaweza kuufungulia udongo wa jirani njia ya kukauka au kulowa, ukamnyanyua bila wewe kuweka hata tofali moja.

Hatua ya 4: Chora mstari wa nyuzi 45

Huu ndio mchoro mdogo unaoamua mengi. Chora kwa kipimo sehemu ya ardhi iliyokatwa wima: msingi wa jirani, mpaka, na msingi wako unaoukusudia. Kutoka ukingo wa chini wa msingi wa jirani, shusha mstari wa nyuzi 45 kuelekea kiwanja chako. Chimbo lako likibaki juu ya mstari, udongo unaombeba unabaki mahali pake. Likiukata mstari, unaondoa kinachombeba, na lazima uwe na njia ya kulipia ulichoondoa. Kwenye mchanga uliolegea au udongo laini mimi hutumia mlalo zaidi, kushuka mita moja kwa kila mita mbili za pembeni.

Msingi wa jirani uko sentimita 60 chini, wako unataka uwe mita 1.8. Tofauti ni mita 1.2. Kwa nyuzi 45 ukae mita 1.2 kutoka ukingo wa msingi wake. Kwa udongo laini, mita 2.4.

Mstari huo unafanya kazi pande zote mbili. Msingi wako ukiwa juu na wa jirani ukiwa chini, kwa mfano ana ghorofa ya chini ya ardhi, mzigo wako utamsukuma ukuta wake pembeni. Ukuta ule ulisanifiwa kwa udongo mtupu, haukusanifiwa kwa jengo lako.

Uingereza jambo hili limeandikwa kwenye sheria yao ya kuta za pamoja ya mwaka 1996. Ukichimba ndani ya mita 3 kutoka jengo la jirani, chini ya kina cha msingi wake, lazima umpe taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla. Ni hivyo pia ndani ya mita 6 kama chimbo lako linakata mstari wa nyuzi 45 kutoka msingi wake. Mimi hutumia vipimo hivyo hivyo hapa kama kengele yangu mwenyewe, hata pale ambapo hakuna anayenidai.

Hatua ya 5: Chagua aina ya msingi

Tatizo la mpakani ni rahisi kulieleza. Mwenye kiwanja anataka nguzo ikae kwenye ukingo ili asipoteze duka hata sentimita moja. Nguzo ikikaa ukingoni, kitako chake hakiwezi kuingia kwa jirani, kwa hiyo nguzo inakaa pembeni mwa kitako badala ya katikati. Kitako cha upana wa mita 1.5 chenye nguzo ya sentimita 30 ukingoni kina nguzo iliyohama katikati kwa sentimita 60. Kikomo kinachovumilika, ili kitako kizima kiendelee kugusa udongo, ni moja ya sita ya upana, yaani sentimita 25. Ukizidi hapo kitako kinainama, ukingo wa mpakani unazama, na udongo unaoumia zaidi ni ule uliopo chini ya ukuta wa jirani.

Suluhisho ninalolipenda kuliko yote ni kuirudisha nguzo ndani. Safu ya kwanza ya nguzo iwe mita 1.5 kutoka mpakani, na bimu na bamba za ghorofa zitokeze kufikia mpaka. Duka halipotezi eneo, linapata nguzo moja ndani ya chumba, ambayo mwenye duka atapachika rafu. Vitako vinakaa katikati ya nguzo zake, chimbo linakuwa mbali na jirani, na mara nyingi hukati mstari wa nyuzi 45 kabisa. Bimu zinazotokeza zinakula nondo zaidi, lakini gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na kushikilia ukuta wa mtu. Wateja hukataa pendekezo hili kwa haraka. Nimejifunza kulichora kwa rangi na kuwaonyesha chumba kitakavyokuwa kabla ya kuongea habari za udongo.

Ikishindikana, unganisha kitako cha ukingoni na cha ndani kwa bimu. Hesabu yake inafaa kuifuata kwa mfano.

Nguzo ya mpakani ina tani 60. Ya ndani ina tani 90, na iko mita 5 kutoka ile ya kwanza. Udongo unabeba tani 15 kwa mita ya mraba. Kitako cha ukingoni kina upana wa mita 1.5 kuelekea ndani, kwa hiyo katikati yake iko sentimita 60 kutoka katikati ya nguzo. Ukipima mageuko (nguvu ya kugeuza, yaani mzigo mara umbali) kwenye nguzo ya ndani, kitako cha ukingoni kinapokea 60 × 5 ÷ 4.4, ambayo ni tani 68.2. Yaani kimeongezewa tani 8.2, na kitako cha ndani kimepunguziwa kiasi hicho hicho. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya uzito wa kitako chenyewe, ugawe kwa 15: unahitaji mita za mraba 5. Kitako kinakuwa mita 1.5 kwa 3.35, urefu ukifuata mpaka. Cha ndani usikipunguze hata kama hesabu inakuruhusu. Kihesabie tani 90 kamili, kitakuwa mita 2.6 kwa 2.6.

Bimu inayoviunganisha inapata mageuko makubwa kabisa ya takriban tani-mita 30.6. Ukizidisha kwa kizidishi cha usalama wa mizigo cha 1.5, bimu ya milimita 400 kwa 750, kwa zege la daraja la 25 na nondo za nguvu 460, inahitaji nondo nne za milimita 25 za mvuto.

Sasa sikiliza hapa, kwa kuwa hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Nondo hizo nne zinakaa juu ya bimu. Nguzo inasukuma ukingo chini, udongo unasukuma kitako juu kwa ndani kidogo, na bimu inapindika kama mgongo wa paka. Fundi aliyezoea bimu za ghorofa ataziweka chini kwa mazoea ya miaka ishirini, na ataamini kabisa kwamba mchoro ndio umekosea. Kaa naye chini, mchoree, umwachie aeleze mwenyewe. Na bimu hiyo isilale juu ya udongo. Iachie nafasi chini, au weka ubao laini wa povu wa milimita 50, maana ikipata kuegemea udongo hesabu yote ya juu inabadilika. Ringi zibanane karibu na nguzo ya mpakani, kwa sababu nguvu ya kukata ni kubwa pale.

Vitako vikianza kukaribiana hadi kubakia nafasi ndogo katikati, hamia kwenye bamba moja chini ya jengo zima. Bamba lina faida ambayo watu huisahau: udongo unaouondoa nao ulikuwa mzigo. Ukichimba mita 1.5 umeondoa karibu tani 2.7 kwa kila mita ya mraba. Jengo la ghorofa tatu juu ya ile ya chini huleta tani 5 hadi 6. Ongezeko halisi kwa ardhi ni nusu ya unavyodhani. Ubaya wake ni kwamba unachimba kiwanja chote hadi ukutani kwa jirani, na hapo hatua ya 7 inakuwa ya lazima.

Paili ni za udongo mbaya au majengo marefu. Ukizichagua karibu na nyumba ya zamani, ziwe za kuchimbwa na kumwagiwa zege. Za kugongwa kwa nyundo zitamwangushia jirani plasta kabla hazijafika chini.

Hatua ya 6: Hesabu kutitia kwa jirani, si kwako tu

Nyumba ya miaka arobaini imeshamaliza kutitia. Yako itaanza leo. Mzigo wako ukishuka unasambaa, na kipande chake kinafika chini ya msingi wa jirani. Upande wake unaokuelekea utashuka, ule wa mbali utabaki, na tofauti hiyo ndiyo inayopasua kuta.

Kwa makadirio ya haraka, chukulia mzigo unatanuka mita moja ya upana kwa kila mita moja ya kina, nusu kila upande. Kitako cha mita 2 kwa 2 chenye shinikizo la tani 15 kwa mita ya mraba, kwenye kina cha mita 2 chini yake, kimekuwa mita 4 kwa 4, na shinikizo ni tani 3.75. Nusu ya utanukaji huo, mita moja, imeenda upande wa jirani. Kwa usanifu wenyewe tumia mbinu kamili, lakini makadirio haya yanatosha kukuonyesha kama kuna tatizo.

Kiasi gani kinavumilika? Skempton na MacDonald, waliochunguza majengo mengi na kuchapisha kazi yao mwaka 1956, waliona kuta zikianza kupasuka pale tofauti ya kutitia kati ya sehemu mbili inapofika moja ya mia tatu ya umbali kati yao. Kwa nguzo zilizo umbali wa mita 5 hiyo ni milimita 17 hivi. Kwa usanifu tunatumia moja ya mia tano, yaani milimita 10. Kwa nyumba ya matofali isiyo na bimu ya mkanda, mimi hujipa nusu ya hiyo.

Hatua ya 7: Chimba kwa vipande

Msingi mzuri kwenye karatasi unaweza kuua wakati wa kuchimba. Mpango wa kuchimba ni sehemu ya usanifu, uchorwe na mhandisi, usiachiwe msimamizi wa vibarua.

Nilipokuwa mhandisi kijana tulifungua mtaro wa mita 11 kandokando ya nyumba ya jirani kwa siku moja. Vibarua walikuwa wengi na walilipwa kwa mita. Mtaro ulikuwa na kina cha mita 1.3, na msingi wa jirani ulikuwa sentimita 60. Usiku ikanyesha. Asubuhi mama mwenye nyumba alinishika mkono akanipeleka chumbani kwa watoto wake, akaingiza kidole kwenye ufa. "Baba, huu jana haukuwepo." Tulihamisha familia ile saa hiyo hiyo, tukafukia mtaro kwa mchanga hadi jioni. Ukuta haukuanguka. Tangu siku ile sijaruhusu mtaro mrefu kwenye mpaka, kwa bei yoyote.

Fanya hivi. Gawa urefu wa mpaka kwa vipande vya mita 1 hadi 1.2. Vipe namba 1, 2, 3, 4, 5, kisha urudie. Chimba zile namba 1 zote, huku 2 hadi 5 zikiwa hazijaguswa. Mwaga zege, liache lishike. Kisha zile namba 3, halafu 5, halafu 2, mwisho 4. Wakati wowote, angalau sehemu nne kati ya tano za ukuta wa jirani ziwe zimekaa juu ya udongo ambao haujaguswa au juu ya zege lililoshika. Kipande kilichofunguliwa asubuhi kimwagwe zege siku hiyo; kama wingu limetanda, usikifungue. Kitako cha urefu wa mita 3.35 kama kile cha mfano wetu nacho kinachimbwa kwa awamu tatu, nondo zikiachiwa mikia ya kuunganishia.

Kama chimbo lako lazima lishuke chini ya msingi wa jirani ukutani kabisa, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumwongezea msingi chini kwa vipande hivyo hivyo, kwa ridhaa yake ya maandishi. Zege jipya linaishia milimita 50 hadi 75 chini ya msingi wa zamani, na baada ya siku moja au zaidi nafasi hiyo inashindiliwa kwa mota kavu, saruji moja kwa mchanga tatu, yenye unyevu wa kushikana tu mkononi. Ukijaza kwa zege la maji litasinyaa, na msingi wake utabaki hewani. Ya pili ni ukuta wa paili za kuchimbwa zilizopangwa karibu karibu, zikiwekwa kabla ya kuchimba. Ni ghali, lakini kwa chimbo la ghorofa ya chini ya ardhi kati ya majengo marefu sijui njia nyingine ya kweli. Ukuta huo ushikiliwe kwa juu mapema, kwa sababu ukiachwa usimame kama mti uliopandwa, utainama, na ardhi ya jirani itaufuata.

Kifusi kiondoke kiwanjani siku hiyo hiyo. Kisirundikwe upande wa pili wa ukuta wa jirani, wala kwenye ukingo wa shimo. Kumbuka Shanghai.

Hatua ya 8: Maji

Sehemu nyingi za katikati ya Dar es Salaam ni mchanga wenye maji karibu, na Machi hadi Mei yanapanda. Ukipiga pampu, maji yanashuka kwako na kwa jirani pia. Kila mita moja ya maji inayoshuka inaongeza takriban tani moja kwa kila mita ya mraba juu ya udongo wa chini, kama vile mtu amempandishia jirani ghorofa ndogo bila kumuuliza.

Hatari kubwa zaidi ni pampu inayonyonya mchanga pamoja na maji. Elekeza bomba kwenye pipa kabla ya kwenda mtaroni. Maji yakiwa meusi au mchanga ukijikusanya chini ya pipa, zima pampu. Mchanga ule umetoka mahali, na mara nyingi ni chini ya mtu. Weka chujio la kokoto na kitambaa kuzunguka kisima cha pampu, au chagua msingi ambao hauhitaji kushuka chini ya maji. Panga kazi ya mpakani kati ya Juni na Septemba ukiweza. Na maji ya paa la jirani yanayomwagika kwenye chimbo lako, yawekee mfereji na bomba kwa gharama yako.

Hatua ya 9: Acha pengo

Jengo jipya lisigusane na la zamani. Pengo la milimita 50 kwa majengo mafupi, na zaidi kadiri ghorofa zinavyoongezeka, kuanzia juu hadi kwenye msingi wenyewe. Ukimwaga zege dhidi ya msingi wa jirani, weka ubao wa povu kati yao, kwa sababu vikishikana lako likititia litamvuta naye. Juu ya pengo funika kwa bati lililokunjwa ili mvua na panya visipate makao, na bati hilo lishikwe upande mmoja tu.

Hatua ya 10: Fuatilia kila siku

Piga misumari sita hadi kumi kwenye ukuta wa jirani, upime kimo chake kwa leveli ukilinganisha na alama iliyo mbali, upande wa pili wa barabara. Pima mara mbili kabla ya kuanza, ili ujue makosa ya kifaa chako. Wakati wa kuchimba pima kila asubuhi na kila jioni. Kwenye kila ufa wa zamani bandika kipande cha kioo chembamba kwa mota, uandike tarehe juu yake. Kioo kikikatika, kuna kilichosogea.

Viwango viandikwe kwenye mkataba kabla ya kazi. Vyangu kwa nyumba ya matofali ni hivi: msumari ukishuka milimita 3, mhandisi anaitwa na hakuna kipande kipya kinachofunguliwa, ukishuka milimita 6, chimbo linafukiwa kwa mchanga na watu wanatoka ndani. Msimamizi wa zamu awe na mamlaka ya kuamuru hivyo bila kumpigia simu mwenye jengo.

Endelea kupima kila wiki jengo linapopanda, kisha kila mwezi baada ya kukamilika, hadi vipimo vitatu mfululizo visionyeshe badiliko. Kwenye udongo wa mfinyanzi hilo linaweza kuchukua miaka miwili. Siku ya kipimo cha mwisho mpelekee jirani nakala ya daftari lote, pamoja na zile picha za siku ya kwanza, mkazipitie pamoja ukuta kwa ukuta.